Tupeane uzoefu: mgawanyo wa mali na madeni wakati wa talaka

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salamu. Kuhusu nani abaki na nyumba na nani achukue gari yamekwisha kusemwa mengi, lakini madeni huzungumzwa kwa uchache mno, ilhali ndiyo yanayoendelea kuwakutanisha watalaka hata baada ya kila mmoja kushika njia yake. Naomba waliopitia jambo hili watueleze lilivyokwenda, hasa upande wa mikopo.

Nianze na langu. Nyumba yetu ilinunuliwa kwa mkopo wa benki uliokuwa kwa majina yetu sote wawili. Mahakama iliamuru mwenzangu abaki na nyumba na aendelee na marejesho, nami nikapewa kiwanja. Alilipa kwa muda, kisha akaacha, na barua za madai zikaanza kunijia mimi. Nilipopeleka nakala ya hukumu, ofisa wa mikopo alifunua ukurasa wa mwisho wa mkataba, akaweka kidole kwenye saini yangu, akasema kuwa hukumu ile ni baina yangu na mtalaka wangu, na kwamba benki haikuwa mshtakiwa wala shahidi katika shauri hilo. Maneno yaliniuma, lakini kisheria alikuwa sahihi. Amri ya mahakama ilinipa haki ya kumdai mtalaka wangu kile nilichomlipia. Haikunitoa kwenye mkataba wa mkopeshaji.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu. Kwetu wakili alisisitiza tangu mwanzo kwamba hati ya nyumba isibadilishwe jina mpaka mkopeshaji akubali kwa maandishi kumwondoa kwenye mkopo yule anayeondoka. Benki ilipima upya kipato cha mke wangu, ikaona hakitoshi kubeba deni peke yake, ikakataa. Hapo ndipo sote tulipokubali kuuza, ingawa hakuna aliyependa.

Kilichotuchosha zaidi ni hesabu. Mwenzangu alidai nusu ya thamani yote ya nyumba, kana kwamba deni halipo. Ikiwa mtathmini amesema nyumba ina thamani ya 100 na salio la mkopo ni 60, kinachogawanywa ni 40, tena kabla ya kutoa gharama za mauzo. Jambo dogo hili lilikula vikao vingi kuliko suala la matunzo ya watoto, na mpaka leo nashangaa.

Mchangiaji wa pili

Madeni yangu yalikuwa ya namna nyingine. Mume wangu alikopa kwa jina lake pekee, nami nikayajua yale madeni katika orodha aliyoiwasilisha mahakamani akitaka tuyagawane sawa. Swali lililotawala shauri halikuwa nani alisaini, bali fedha zilitumika kwa manufaa ya nani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaitaka mahakama izingatie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, na Sheria ya Mali za Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inawataka wanandoa wabebe kwa usawa deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hiyo. Katika taarifa za benki, mkopo mmoja ulionekana ukiingia na sehemu kubwa ikatoka kwenda kulipia ada za watoto. Huo niliukubali bila ubishi. Mwingine ulitolewa wote taslimu, na hakuweza kuonyesha hata risiti moja, ukabaki kwake.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza kwa wale wasiokuwa na mshahara, kwa sababu huambiwa kwamba hawakuchangia chochote. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kutamka mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Hata hivyo, mchango kutambuliwa si sawa na kupata nusu. Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2023 ilieleza kuwa usawa wa wanandoa hauleti mgawanyo wa nusu kwa nusu moja kwa moja, na kwamba kila upande lazima uthibitishe mchango wake.

Mchangiaji wa nne

Msiwasahau wadhamini. Kaka yangu alimdhamini shemeji yetu, ndoa ikavunjika, na udhamini ukabaki palepale.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango. Dada mchangiaji wa pili, taarifa za akaunti ya mwenzako ulizipataje, maana benki hazimpi mtu mwingine?

Mchangiaji wa pili

Benki haikunipa mimi, na sikuiomba. Wakili wangu aliiomba mahakama imwamuru mume wangu, aliyedai kuwa madeni yapo, aambatishe taarifa za akaunti zinazoonyesha fedha zilikoingia na zilikokwenda, pamoja na mkataba wa kila mkopo. Ombi hilo tuliliwasilisha mapema, kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa. Alileta za mikopo miwili, na ule wa tatu akauondoa mwenyewe kwenye orodha.