Nyumba ya E-1027: ni kazi ya Eileen Gray au ya Le Corbusier?

Mwanafunzi wa Usanifu
Habari za leo, wanajukwaa. Mara kwa mara ninakutana na picha za nyumba nyeupe ya E-1027, iliyoko Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, zikiwa zimeambatanishwa na jina la Le Corbusier, msanifu majengo maarufu. Kwingineko nasoma kwamba aliyeisanifu ni Eileen Gray, ambaye nilimjua kama mbunifu wa samani tu. Naomba kueleweshwa: asiyesomea usanifu wa majengo aliwezaje kazi kama hiyo?

Seremala wa Zamani
Ndugu, nyumba hiyo ni ya Gray. Alizaliwa Ireland mwaka 1878, akasomea sanaa London, kisha akahamia Paris, ambako alijifunza kupaka laka, yaani rangi ngumu ya kung'aa ya kupaka mbao, kwa fundi wa Kijapani, Seizo Sugawara. Laka hupakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke na kusuguliwa, na naamini subira hiyo ndiyo iliyomkomaza. Mwaka 1922 alifungua duka lake la samani, na nyumba ilijengwa kati ya 1926 na 1929.

Itazame meza yake ya mabomba ya chuma na kioo, aliyoibuni kwa ajili ya nyumba hiyohiyo. Kitako chake cha duara huingia chini ya kitanda, na kioo hupandishwa au kushushwa, ili aliyelala apate kifungua kinywa bila kuinuka. Anayeanza na mahitaji ya mwili namna hiyo amekwisha kuanza kusanifu chumba.

Mchora Ramani
Naongezea kuhusu Le Corbusier. Mwaka 1938 na 1939, Gray akiwa amekwisha kuhama, Le Corbusier alichora picha kubwa kwenye kuta za nyumba hiyo bila idhini ya Gray, jambo lililomuumiza sana, na kwa maoni yangu ilikuwa dhuluma. Baadaye alijenga kibanda chake jirani, na umaarufu wake ukaifunika nyumba.

Hata hivyo, tusimpunje Jean Badovici, msanifu aliyemhimiza Gray kujenga na kushirikiana naye. Katika jina la nyumba, 10 na 2 ni nafasi za herufi J na B katika alfabeti, zikizungukwa na E na 7 za Gray mwenyewe. Kwa hiyo katika insha yako andika kuwa msanifu ni Eileen Gray akishirikiana na Badovici, na michoro ya ukutani uieleze peke yake.