Waliopandikizwa figo: vipimo vya saratani tuvipangeje?

TabibuMkoani
Wakuu, salaam. Kliniki yetu inafuatilia wagonjwa waliopandikizwa figo, wengine Muhimbili, wengine India. Karatasi wanazorudi nazo zina kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), presha na kiwango cha takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo. Kuhusu saratani hakuna kitu. Jedwali nililopata ni la Ulaya, limeweka saratani ya ngozi juu kabisa. Kwa wagonjwa wetu nianze na nini, na kila baada ya muda gani?

DktFigo
Jedwali hilo limeandikiwa ngozi nyeupe. Ukiwa na mgonjwa mwenye ualbino lifuate neno kwa neno, na aepushwe azathioprini (nayo ni dawa ya kushusha kinga) ikiwezekana, maana huzidisha madhara ya jua kwenye ngozi. Kwa wengine anza na sarkoma ya Kaposi, saratani inayoota madoa kwenye ngozi na mdomoni. Virusi vyake, HHV-8, vimeenea sana ukanda huu. Dawa za kushusha kinga huviamsha, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kipindi hicho mkague kila anapokuja kliniki.

Mashine haihitajiki. Avue viatu na soksi, tazama nyayo, katikati ya vidole na miguu mpaka mapajani, kisha mulika kaakaa kwa tochi. Kwenye ngozi nyeusi doa huwa la zambarau iliyokolea au jeusi kabisa, kwa kawaida haliwashi wala haliumi. Mguu mmoja ukivimba, usikimbilie furosemidi (dawa ya kutoa maji kwa mkojo) kabla hujaukagua. Ukitilia shaka, kata kinyama kiende maabara. Tazama na sehemu za siri na njia ya haja kubwa: kwa watu weusi saratani nyingine za ngozi hupenda kuota pale jua lisipofika. Ukaguzi wa kupapasa juu ya suruali ni wa kujaza fomu tu.

MkungaPwani
Upande wa akina mama, mlango wa kizazi usisubiri ratiba ya watu wote. Wachukulieni kama tunavyowachukulia wanaoishi na VVU: kwa siki (asidi asetiki hupakwa kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe) kila mwaka, au kwa kipimo cha DNA ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kila miaka 3. Asidi asetiki iwe ya 3–5%, na baada ya kupaka subiri dakika 1 nzima. Haraka ndiyo inayopitisha weupe hafifu bila kuonekana. Aliyekoma hedhi usimpime kwa siki, kwa sababu eneo tunalolitafuta, pale saratani huanzia, limeshaingia ndani ya mfereji. "Hana kitu" hapo haina maana. Huyo apimwe DNA ya HPV. Chanjo ya HPV si hai, inaruhusiwa: dozi 3, na bora zaidi kabla ya upasuaji.

TabibuMkoani
Shukrani. Kaposi ikithibitika, nipunguze dawa mwenyewe? Na matezi, ini, matiti?

DktFigo
Usiguse dozi bila timu ya upandikizaji. Ni kweli tiba ya kwanza ni kupunguza dawa, mara nyingi takrolimasi ikabadilishwa kwa sirolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, na madoa mengi hunywea. Ila ukipunguza kiholela, mwili unaikataa figo. Pimeni kwanza protini kwenye mkojo. Ikiwa nyingi, sirolimasi haifai. Kidonda cha upasuaji ambacho hakijafunga nacho ni kizuizi, kwani sirolimasi huchelewesha kupona.

Matezi ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Homa, kukonda na tezi shingoni vinaweza kuwa limfoma (saratani ya matezi), hasa mwaka wa kwanza, na hasa kama mpokeaji hakuwa na virusi vya EBV, vinavyoweza kuichochea, na aliyemtolea figo alikuwa navyo. Huku kwetu mgonjwa wa namna hiyo huanzishiwa dawa za TB kwa kukisia. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hushusha kiwango cha takrolimasi mno, na figo inaweza kufa kwa tiba ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Tezi ikatwe kwanza, sampuli ipimwe TB na limfoma kwa pamoja. TB ikithibitika, ulizeni kuhusu rifabutini badala ya rifampisini.

Mwenye hepatitisi B, hasa ini likiwa na makovu, apigwe utrasaundi kila miezi 6. Akiwa kitandani hapohapo mpimaji apitie na figo zake za zamani: waliokaa dayalisisi miaka mingi huota vifuko ndani yake, na baadhi hugeuka saratani. Matiti na tezi dume, fuateni ratiba ya kawaida ya umri wao.