Naomba ushauri, behewa langu la mizigo linaruka reli kwenye kona

Wakuu habari zenu, mimi niko Kigoma hapa Mwanga, natengeneza kwa mkono mabehewa ya mizigo madogo sana, skeli ya 1:160, yaani la kweli limepunguzwa mara 160. Reli ni za upana wa milimita 6.5, maana reli yetu ya kati ni mita moja, ukigawa unapata 6.25 kwahiyo inakaribiana. Behewa la mita 12 linatoka milimita 75, yaani kama kidole changu cha kati tu.

Bodi nimekata manila kwa wembe, zile mbavu za ubavuni ni vipande vya kopo la mtindi, upana nusu milimita, hapo machozi yanatoka na wife anacheka eti mtu mzima hovyo. Sasa shida ni jepesi mno, nimelipima kwa sonara gramu 4 tu, likifika kwenye kona linaruka, nikifunga mengine nyuma ndo linalala kabisa.

Nina risasi ya nyavu nimeigonga nyundo ikawa bapa, niigandishe katikati ya sakafu au juu ya magurudumu? Au bogi, zile fremu za magurudumu chini ya behewa, ndo hazizunguki? Na rangi pia, ile ya kupuliza ya magari imeziba mbavu zangu zote, inauma sana aisee.