Naomba ushauri: nataka kugeuza nyuma ya Hilux iwe sehemu ya kulala

MsafiriMpole:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux dabo kebini yenye kanopi ya faiba. Kiangazi hiki mimi na mama watoto tunataka kwenda Ruaha, kisha tupande hadi Kitulo, tukilala humo humo nyuma. Taa za LED na friji ndogo ya volti 12 nimeshanunua. Fundi seremala wa Keko yuko tayari kunipigia kitanda chenye droo chini. Droo ziwe za kina gani? Na betri ya pili ni lazima? Mimi nina futi sita, mwenzangu futi tano na nusu. Natanguliza shukrani.

Nyundo:
Mkuu umenunua taa kabla ya kujua miguu itakaa wapi! Bodi ya dabo kebini kwa ndani ina kama mita moja na nusu. Wewe una mita 1.83. Mtu mmoja akilala kimshazari anaweza kutosha. Wawili, sahau.

Mwambie fundi aongeze kipande cha plaiwudi kwa bawaba. Mchana kinakunjwa juu ya kitanda, usiku unashusha mlango wa nyuma na kukilaza juu yake. Kiwe na vijiti vya kukiegemeza kwenye mlango, maana bawaba peke yake zitang'oka. Unapata karibu nusu mita zaidi. Na kitanda kisipande sana kupita pale bodi ilipovimba juu ya tairi, kama inchi kumi hivi. Ukitaka droo za kina kirefu, utakuwa unavaa suruali ukiwa chali.

Mama_Kambi:
Mlango wazi usiku, Ruaha? Kambi za umma mle hazina uzio. Usiku wa hifadhini chukueni banda la kulala la TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) pale Msembe, hiyo mbinu ya mlango muiweke kwa maeneo yenye uzio, mkishonesha pazia la turubai lenye zipu.

Kitulo iko juu, kama mita 2,600, na Juni na Julai baridi yake haina masihara. Baridi hiyo ndiyo humshawishi mtu kuingiza jiko la mkaa ndani. Msithubutu kabisa, sumu ya mkaa haina harufu na watu huondoka usingizini. Blanketi za ziada, basi. Dirisha moja libaki wazi kidogo hata mkitetemeka, la sivyo alfajiri paa litawadondoshea maji ya pumzi zenu wenyewe.

KilaVumbi:
Mbona hakuna aliyegusa vumbi? Gari likikimbia barabara ya vumbi, upepo wa nyuma unalinyonya vumbi na kuliingiza kupitia nyufa za mlango. Mnafika, godoro limekuwa jekundu.

Fanya hivi. Usiku ingia ndani na tochi kali, mtu mwingine azunguke nje. Kila anapoona mwanga ndipo vumbi linapopita. Pembe za chini za mlango ndizo sugu. Nunua raba ya milango kwenye maduka ya spea, ile yenye uwazi katikati, ugandishe hapo pote. Matundu ya kutolea maji sakafuni yazibe kwa vizibo vya kuchomoa. Halafu fungua dirisha dogo la mbele ya kanopi au weka tundu la hewa linaloelekea mbele, hewa iingie kwa nguvu na kusukuma vumbi nje. Ukiziba nyuma tu bila kuingiza hewa mbele, umefanya nusu ya kazi.

Volti12:
Betri ya pili ni lazima kama friji italala inawaka, vinginevyo asubuhi mtasukuma gari. Ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) usiitumie zaidi ya nusu, utaiua mapema. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya wa kwenda nyuma uwe mnene. Ukipitisha ule mwembamba wa taa, volti zitapungua njiani na friji itajizima huku betri imejaa, na utamlaumu aliyekuuzia.

MsafiriMpole:
Asanteni sana. Droo nimezifuta, naweka makasha ya plastiki chini ya kitanda. Maji je? Nilifikiria tangi la lita 100 juu ya kanopi.

Nyundo:
Hizo ni kilo 100 juu ya faiba, mkuu. Weka madumu ya lita 20 sakafuni, mbele karibu na kebini, uyafunge kwa mikanda ya mizigo. Na ukienda Keko mchukue na huyo mama watoto, mlale wote wawili kwenye plaiwudi kabla fundi hajapiga msumari hata mmoja.