Msaada wa maneno ya mahakamani: baba mdogo ni "msimamizi wa mirathi", je, nyumba imekuwa yake?

Binti_Rangi3:
Habari zenu wakuu. Naombeni mnieleweshe, maana kila ninayemuuliza ananiongezea neno jipya.

Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Kaacha mama, kaka yetu mkubwa, mimi na mdogo wetu wa kike yuko kidato cha tatu. Mali ni nyumba moja hapa Mbagala, ina hati na ina wapangaji, na shamba Mkuranga ambalo halijapimwa. Kikao cha ukoo kilimpendekeza baba mdogo awe msimamizi kwa sababu kaka ni dereva wa malori, wiki nzima yuko njia ya Tunduma. Mahakama ya mwanzo ikamteua mwezi wa tano mwaka jana.

Tangu hapo kodi anapokea yeye. Juzi kamleta mtu kuitazama nyumba. Mama alipomuuliza akajibiwa, "Shemeji, mahakama imeshanipa." Akatoa na hati, na kweli jina lake limo. Tena anasema marehemu alimwachia wosia wa mdomo.

Mtaani mmoja anasema tukate rufaa, mwingine twende Baraza la Ardhi, mwingine tuweke zuio, mwingine tuombe kutengua. Hivi hivyo vyote ni kitu kimoja? Matusi sitaki jamani, yule bado ni baba yetu mdogo.

Chuma_Ulete:
Pole sana dada. Hiyo imeenda. Jina likishaingia kwenye hati ndiyo basi tena.

Karani_Mstaafu:
Chuma_Ulete, usimtie mtoto wa watu presha.

Binti yangu, kaa chini usome taratibu. Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyekabidhiwa kazi, hakukabidhiwa mali. Kazi yake ni kukusanya vyote alivyoacha marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia warithi kilichobaki, kisha kurudi kwa hakimu kueleza amefanya nini. Ile karatasi anayotembea nayo, Fomu Na. IV, ndiyo barua ya usimamizi. Inamruhusu kwenda benki, kwenye ofisi za ardhi na kwa wapangaji kusema kwa niaba ya marehemu. Haisemi popote kwamba yeye ni mrithi. Mtu anaweza kuwa msimamizi na asirithi hata kijiko.

Sasa hilo la hati. Marehemu hawezi kuhamisha nyumba, kwa hiyo Msajili wa Hati kwanza huingiza jina la msimamizi, ndipo msimamizi awahamishie warithi. Ni hatua ya kawaida kabisa na inawatisha watu wengi. Ila palipo jina lake panatakiwa pasomeke kwamba ameandikwa kwa nafasi ya msimamizi au mwakilishi wa marehemu. Iangalie tena hiyo hati, usisome jina peke yake. Soma na maneno yanayofuata.

Lami_Kavu:
Na hata hivyo hawezi kuuza bila saini za warithi wote. Akiuza, mauzo ni batili moja kwa moja. Mwambieni mnunuzi hivyo hivyo.

Karani_Mstaafu:
Hapo Lami_Kavu umeteleza, na ni kosa ambalo limewaponza wengi. Mahakama ya Rufaa ilishasema zamani kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza. Fikiria marehemu ana deni kubwa na mrithi mmoja kagoma kusaini, si mirathi nzima itakwama? Kwa hiyo msikae mkitegemea saini zenu. Swali la kumuuliza msimamizi ni: unauza kwa sababu gani, kwa bei gani, na fedha inaenda wapi? Akiuza kulipa deni la marehemu au ili mgawane, ni kazi yake. Akiuza akatia mfukoni, amevunja dhamana aliyopewa na anawajibika. Lakini kumfukuzia mnunuzi aliyenunua kwa nia njema ni safari ndefu. Ni afadhali kuziba kabla.

Ustadh_Tandika:
Assalaam aleikum. Dada, samahani kuuliza, marehemu alikuwa Muislamu?

Binti_Rangi3:
Waaleikum salaam. Ndiyo, na mirathi ilifunguliwa kwa sheria ya Kiislamu, imeandikwa hivyo kwenye maombi.

Ustadh_Tandika:
Basi nyie msiwe na wasiwasi na suala la nani mrithi. Mama yenu ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu kaacha watoto. Kama wazazi wa marehemu walishatangulia, inayobaki ni yenu watoto, kaka yenu akipata mara mbili ya fungu la kila binti. Ndugu wa marehemu anazuiwa na mtoto wa kiume. Maadamu kaka yenu yuko hai, baba mdogo hana fungu.

Kuhusu wosia, Uislamu unaruhusu mtu ausie hadi theluthi moja ya mali yake, tena kwa asiyekuwa mrithi. Kwa hiyo tuseme wosia upo kweli, bado haufiki nyumba nzima. Theluthi hupigwa baada ya gharama za mazishi na madeni. Na wosia wa mdomo bila mashahidi, mtu anajisemea tu. Je, aliutaja siku ya kikao cha ukoo? Au mbele ya hakimu?

Binti_Rangi3:
Hakuutaja popote. Tumeusikia mwaka huu.

Halafu Karani, nimemwomba mama anipigie picha ile hati (baba mdogo alimwachia nakala). Kweli, baada ya jina lake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni mwakilishi wa kisheria wa marehemu. Nimemsomea mama, kidogo amepumua. Sasa naomba nieleze yale mengine: rufaa, pingamizi, zuio, kutengua.

Karani_Mstaafu:
Vizuri. Nianze na mnayoweza kuyaacha.

Pingamizi huwekwa kabla ya uteuzi. Mtu akiomba usimamizi, mahakama hutoa tangazo ili asiyekubali ajitokeze. Muda huo kwenu umeshapita, na mnasema wenyewe kikao cha ukoo ndicho kilichompendekeza.

Rufaa ni kumwambia hakimu wa juu kwamba yule wa chini aliamua vibaya. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30 tangu uamuzi. Zimepita, ingawa unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu nzito. Ila kwa nini ukate rufaa? Hakimu hakukosea kumteua. Anayelalamikiwa ni msimamizi, kwa aliyoyafanya baada ya kuteuliwa.

Baraza la Ardhi na Nyumba nalo silo lenu kwa sasa. Habari ya nani msimamizi, nani mrithi na mali ya marehemu inagawanywaje huamuliwa na mahakama iliyofungua mirathi. Nimeona watu wakizunguka mabaraza miaka, mwisho wanaambiwa shauri halikuwa la pale.

Kutengua uteuzi ndiyo dawa inayokufaa kuijua. Mnarudi kwenye mahakama ile ile, kwenye jalada lile lile, mnaomba imwondoe. Kanuni za mahakama za mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971, zinamruhusu mrithi au mdai wa marehemu kuomba hivyo. Sababu zimetajwa: uteuzi ulipatikana kwa udanganyifu, au msimamizi anakwenda kinyume na masharti aliyopewa, au kwa makusudi ama uzembe anawaumiza warithi. "Hatumpendi" haimo.

Na hapa ndipo nataka mkazie macho. Kanuni hizo hizo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, apeleke mahakamani Fomu Na. V, ambayo ni orodha ya mali na madeni ya marehemu, kisha, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, apeleke Fomu Na. VI, ambayo ni hesabu ya kilichoingia, kilichotoka na nani kapewa nini. Mahakama inaweza kumwongezea muda. Makarani wengi wataiita ya kwanza "inventori". Mambo yakishakamilika hakimu anafunga mirathi, na msimamizi hana tena kazi. Baba mdogo wenu kateuliwa mwezi wa tano mwaka jana. Je, alipeleka fomu hizo? Hilo ndilo swali, kabla ya ukoo kurushiana maneno.

Binti_Rangi3:
Tutajuaje kama alipeleka? Akiulizwa anakasirika.

Dada_wa_Masijala:
Msimuulize yeye, liulizeni jalada. Mama au kaka aende masijala ya mahakama husika na namba ya shauri la mirathi (iko juu ya Fomu IV), aseme yeye ni mrithi na anaomba kukagua jalada. Mtalipia ada kidogo na mtapewa risiti. Mkikuta Fomu V haimo, mwandikieni hakimu barua ya kawaida, kwa Kiswahili, mkiomba msimamizi aitwe aje aeleze alipofikia. Wito wa mahakama una heshima yake, wengine wakiuona tu mambo yananyooka bila kutengua mtu.

Na kwa kuwa mko Dar, kumbukeni Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kinashughulika na mirathi na mambo ya ndoa, na mahakama za ngazi mbalimbali ziko pale pale. Msaada wa kisheria wa bure nao upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, ulizeni dawati la msaada au wasaidizi wa kisheria wa kata yenu. Kiswahili kisiwape hofu, tangu 2021 sheria imekitambua kuwa lugha ya mahakama.

Mzee_Kifimbo:
Naongezea la zuio, maana watu wanachanganya mawili. Kuna amri ya zuio inayotolewa na mahakama, inamkataza mtu kuuza hadi shauri liamuliwe, na akikaidi amemkaidi hakimu. Halafu kuna zuio la kwa Msajili wa Hati, wenyewe wanaliita kaveati. Hilo unajaza fomu, unaeleza una maslahi gani kwenye kiwanja, unalipia. Mwenye kutaka kununua akifanya upekuzi, yaani kuangalia kumbukumbu za hati kwa Msajili, analikuta. Sio hukumu, mwenye jina anaweza kwenda mahakamani kuomba liondolewe na wewe ukaitwa kujieleza. Lakini kwa nyumba yenye hati ambayo tayari wateja wanapitapita, mimi ningeanzia hapo wiki hii hii.

Lami_Kavu:
Nimekubali somo, Karani. Ila mimi bado ningemwambia huyo mteja ana kwa ana.

Karani_Mstaafu:
Mwambieni, hakuna sheria inayokataza. Kwa adabu tu, na msimwambie "nyumba imeibwa", mwambieni mirathi haijafungwa na akaangalie jalada.

Binti_Rangi3:
Asanteni sana, nimeongea na kaka, anashuka Jumapili, wataenda masijala yeye na mama. Maswali mawili ya mwisho. Shamba la Mkuranga halina hati, hiyo kaveati tutaiweka wapi? Na kodi aliyopokea mwaka mzima, ndiyo imekwenda?

Mzee_Kifimbo:
Lisilosajiliwa halina kaveati. Andikeni barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ambatanisheni nakala ya Fomu IV, muwajulishe shamba liko kwenye mirathi ambayo haijafungwa. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mauzo ya mashamba kule yanapita mezani kwao, hawataweza kusema hawakujua.

Karani_Mstaafu:
Kodi ni mali ya mirathi kama nyumba yenyewe, inatakiwa ionekane kwenye Fomu VI mwezi kwa mwezi. Alipotengeneza paa au kulipa kodi ya jengo ana haki ya kukata, kwa risiti. Wapangaji wampe mama nakala za mikataba yao na za malipo waliyotuma kwa simu, kaka aende nazo siku ya masijala.