Nataka mtumbwi wa kwenda peke yangu mto Kilombero: gogo au mbao?

Mkulima_Ifakara: Wakuu, salaam. Shamba langu la mpunga liko ng'ambo ya Kilombero, na daraja la Magufuli liko mbali nami. Nataka mtumbwi wangu, nivuke na kutega nyavu jioni bila kusubiri mtu. Nimeonyeshwa miwili: gogo la mwembe, jembamba, kama mita 4, na wa mbao wa mita 6, kitako bapa, mwenyewe alikuwa akienda na mwanawe. Wa mbao umetulia sana majini, ila kuusukuma ufukweni nilihema. Bei hazipishani sana. Nichukue upi?

Fundi Tezo: Ndugu, kwa mtu mmoja swali la kwanza ni uzito. Kiangazi mto unaacha mafungu ya mchanga, utashuka na kuuburuta kila mara. Huo wa mbao hutauweza. Lakini gogo nalo usililipie kabla ya kulikagua. Mwembe huoza upesi kuliko mvule. Lipindue, chomachoma kitako kwa ncha ya kisu, hasa upande wa tezi, yaani nyuma, ambako maji hutuama. Kisu kikizama kama kwenye ugali, achana nalo. Kisha liinue juu ya magogo mawili, tia maji nusu, liache usiku kucha. Asubuhi pitisha kiganja kwa nje. Ufa mfupi wa ubavuni unazibika; unaokwenda urefu wote wa kitako, hapana.

Mndamba: Nakubali kuhusu gogo, ila watu husahau mahali pa kukaa. Ukiwa peke yako ukakaa tezi, omo, yaani mbele, inanyanyuka, upepo unaigeuza unavyotaka, nguvu zako zote zinaishia kunyoosha mtumbwi. Piga magoti nyuma kidogo ya katikati, nyavu ziwe mbele. Ujaribu hivyo kabla ya kununua, na mzigo wote ndani: ukingo ubaki shubiri nzima juu ya maji. Ikibaki vidole vinne tu, haukufai, hata ukipewa kwa bei ya bure.

Dada wa Mto: Hilo la kutega jioni linanitia hofu. Jua likizama viboko hutoka majini kwenda malishoni, nawe unakatiza njia yao. Tega mapema. Pita maji mafupi kandokando, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wakusikie. Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, basi usikae kati yake na kilindi. Beba upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na kafi ya akiba, na vaa boya hata kama unajua kuogelea. Machi hadi Mei maji yakijaa bondeni, usivuke peke yako.

Mkulima_Ifakara: Asanteni sana. Nyavu za jioni nimeziacha. Mwenye gogo amekubali nilitie maji. Fundi, na ufa ukiwa ukingoni juu tu?

Fundi Tezo: Huo hauna neno. Toboa tundu dogo pale unapoishia ili usiendelee, kisha bana kipande cha bati kwa misumari mifupi.