Andiko la darasa gerezani: niandike "elimu hupunguza kurudi jela kwa 43%"?

Kalamu_Nakuru aliuliza:

Hamjambo wadau. Tunaandaa andiko la kuomba fedha za darasa la watu wazima katika gereza moja la wanaume Bonde la Ufa: wanafunzi 40, miaka 3, kuanzia kidato cha kwanza hadi KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Rasimu inafungua kwa kusema mfungwa aliyesoma ana uwezekano mdogo wa kurudi jela "kwa 43%". Mhakiki ameizungushia kalamu nyekundu: "Imetoka nchi gani?" Naomba kujua maana hasa ya namba hiyo, na kama ratiba yetu inatekelezeka. Mwenye historia fupi pia anisaidie, ukurasa wa usuli bado mtupu.

HesabuKavu:

Mhakiki wako ana macho. Namba ni ya Marekani, kutoka ripoti ya 2013 ya RAND, taasisi ya utafiti ya huko, iliyojumlisha tafiti zilizofanywa kati ya 1980 na 2011. Na haisemi kwamba watu 43 kati ya 100 wameokolewa. Inalinganisha uwiano wa wanaorudi dhidi ya wasiorudi.

Piga hesabu kwa makadirio yao wenyewe. Kati ya watu 1,000 ambao hawakusoma, 433 hurudi na 567 hawarudi. 433 ÷ 567 ni 0.76. Kati ya 1,000 waliosoma, 304 hurudi na 696 hawarudi. Hapo unapata 0.44. Kushuka kutoka 0.76 hadi 0.44 ndiyo hiyo 43%. Ukihesabu vichwa, tofauti ni watu 129 katika 1,000, yaani pointi 13 za asilimia. Kinachowavuruga wengi ni kwamba kiwango cha kurudi cha wasiosoma nacho ni 43.3%. Namba mbili zinafanana, mambo mawili tofauti kabisa.

Andika hivi: "Nchini Marekani, kiwango cha kurudi gerezani ndani ya miaka 3 kilikadiriwa kuwa chini kwa pointi 13 miongoni mwa walioshiriki masomo." Inatosha, na hakuna atakayekushika shati.

Usibebe hesabu yao ya dola. Walikadiria gharama ya masomo kuwa dola 1,400 hadi 1,744 kwa mfungwa kwa mwaka, na akiba ya dola 8,700 hadi 9,700 kwa kila mshiriki. Akiba hiyo inatokana na ughali wa kumweka mtu gerezani kule. Ukiibadilisha kuwa shilingi tu, umeandika uongo kwa kikokotoo.

Jambo la pili ni kujichagua. Anayejiandikisha darasani kwa hiari huenda angebadilika hata bila darasa. Dawa yake ni nafuu: waombaji wakizidi viti 40, fanya bahati nasibu hadharani, uhifadhi daftari la waliokosa nafasi, kisha fuatilia makundi yote mawili kwa muda uleule. Na amueni mapema "kurudi" ni nini: kukamatwa, kuhukumiwa, au kufungwa. Kila kipimo kina jibu lake, na wengi hukumbuka hilo ripoti ikiwa tayari kwa mfadhili.

Kumbukumbu_za_Kale:

Usuli basi. Gereza la Elmira, New York, lilifunguliwa 1876 chini ya Zebulon Brockway, likaweka masomo na ufundi katikati ya ratiba. (Brockway huyohuyo alikuja kuchunguzwa kwa kuwachapa wafungwa, kwa hiyo msimpambe sana.)

Elimu ya chuo katika magereza ya Marekani ilipanuka baada ya ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wasio na uwezo kuanza 1972, ambayo baadaye iliitwa Pell kwa jina la seneta wa Rhode Island. Wafungwa nao walistahili. Mwaka 1994 sheria ya uhalifu iliyosainiwa na Rais Clinton ikawaondoa. Hoja ya majukwaani ilikuwa kwamba mfungwa anamnyang'anya mtoto wa mlalahoi karo. Haikuwa kweli: wafungwa walikuwa wakichukua chini ya 1% ya fedha zote, na ruzuku ile hupewa kila anayetimiza vigezo, si mkate wa kugawana. New York nayo ikafuta ruzuku yake ya jimbo kwa wafungwa 1995. Madarasa ya vyuo yakafungwa moja baada ya jingine, si kwa kushindwa kufundisha bali kwa sababu karibu yote yalikuwa yakinywea kisima kimoja.

Majaribio ya kurudisha Pell yalitangazwa 2015, Bunge likaondoa katazo Desemba 2020, na wafungwa wakaanza kustahili tena 1 Julai 2023. Safari hii kuna masharti: chuo kiwe cha umma au kisicho cha faida, na programu iidhinishwe na mamlaka ya magereza, chombo cha ithibati na Idara ya Elimu.

Ubao_na_Chaki:

Mwalimu Kalamu, ratiba yenu haitekelezeki, na sababu haina uhusiano na bidii ya wanafunzi.

Anza na kifungo. Sheria ya Magereza ya Kenya inaruhusu punguzo la hadi theluthi moja kwa vifungo vingi. Aliyehukumiwa miaka 3 hutoka baada ya miezi 24. Anayehitaji miaka 4 ya sekondari awe na kifungo cha miaka 6 au zaidi, na awe ameingia darasani mwezi uleule wa hukumu. Kabla ya kumwandikisha mtu, chukua tarehe yake ya kutoka ofisi ya kumbukumbu, si tarehe ya hukumu. Kingine, waliojiunga na kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu), na mtihani wao ni 2027. Msijenge mradi mpya juu ya ngazi inayoondolewa.

Halafu masomo yenyewe. KCSE inadai angalau masomo 7: Kiingereza, Kiswahili na hisabati ni lazima, sayansi zisipungue 2, na somo la jamii lisipungue 1. Kwa hiyo sayansi hazikwepeki, na sayansi ina mtihani wa vitendo. Asidi, vichomeo na vyombo vya kioo ndani ya ukuta wa gereza vinahitaji idhini ya maandishi, stoo yenye kufuli na askari anayehesabu kila chupa ikiingia na ikitoka. Ombeni idhini hiyo mwaka mmoja kabla ya mtihani.

Ningeligawa kundi hivi: walio na chini ya miezi 12 wasome kusoma, kuandika na hesabu, wa miezi 12 hadi 30 wapate ufundi wenye mtihani wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), kuanzia Daraja la III, wa muda mrefu ndio wa sekondari.

Saa nazo hudanganya. Kufungiwa selo hufanyika mapema, na asubuhi kuna kuhesabiwa, kazi, mahakama na wageni. Mkipanga saa 20 kwa wiki, bajeti iandikeni kwa saa 10. Karakana iwe na ubao wa vifaa uliochorwa umbo la kila patasi, ili inayokosekana ionekane kabla mtu hajatoka. Daftari zenye waya zisinunuliwe kabisa, zitarudishwa getini.

Muuaji mkubwa wa madarasa ni uhamisho. Mtu anapelekwa gereza jingine wiki 3 kabla ya mtihani, karatasi yake inabaki kituo cha zamani. Pateni barua ya mkuu wa gereza kwamba aliyesajiliwa hahamishwi kuanzia usajili hadi mtihani uishe, isipokuwa kwa usalama au ugonjwa. Jalada la mwanafunzi liwe nakala mbili, moja isafiri naye.

Na cheti cha KCSE hubeba jina la shule. Kituo kisajiliwe kwa jina lisilo na neno "gereza".

Kalamu_Nakuru:

Asanteni sana. Je, mahabusu tuwaache nje kabisa? Ni karibu nusu ya watu mle.

Ubao_na_Chaki:

Msiwaache, ila msiwape silabasi ndefu, kwani hamjui wataondoka lini. Wapeni vipindi vinavyojitegemea vya saa 2: kuomba dhamana, kusoma hati ya mashtaka, kumhoji shahidi. Shirika la Justice Defenders hufunza wasaidizi wa sheria magerezani Kenya na Uganda, na baadhi ya wafungwa wamesoma sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Kwa kundi hili msipime kurudi jela. Hesabuni waliopata dhamana na rufaa zilizowasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu.